Matuta Yaliyopandwa Mara Mbili

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Salamu zako za kutoka huko Geita zimenifikia. Hapa Kambarage tuko salama, mama yako amemaliza kuvuna mpunga. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu napotea katikati ya maneno.

Uliniuliza kama dawa za saratani ndizo zinazonisahaulisha. Sijameza hata kidonge kimoja, matibabu yanaanza mwezi ujao. Nesi ameniambia wapo wanawake wanaofika kwake hivyo hivyo, kichwa kimeshachoka kabla ya dawa.

Alipokuwa anasema hayo nilimkumbuka mama yangu. Nilikuwa na umri kama wako. Tulipanda karanga kwenye matuta manne, na kesho yake nikamkuta anayapanda tena yale yale. Nikamwambia kwa ukali, "Mayu, jana tulishapanda hapa, unamaliza mbegu."

Akaitazama mikono yake. "Kumbe jana tulikuja?"

Nilimnyang'anya kikapu cha mbegu. Hatukujua kwamba tayari alikuwa na uvimbe kwenye titi, kama huu wangu.

Karanga zilipoota zilibanana mbili mbili, na yeye alikuwa ameshalazwa. Nilitumwa nikapunguze miche. Nilikaa pale shambani mpaka jua likawa kali, na sikung'oa hata mmoja.

Jumapili uliposema, "Bibi, umeshaniuliza," hukukosea. Lakini nikikuuliza tena kama umekula, nijibu kama vile ndiyo kwanza nimeuliza.

Ni mimi bibi yako.