Kadi Siyo Mafuta

Mchumba wangu wa zamani,

Natumaini huko Dodoma u mzima, na bado unajitambulisha kwa watu kama mtaalamu wa programu. Huku tunacheka tu.

Unaikumbuka mashine ya Mama ya kukamua alizeti, hapa Mwankoko? Ulikuja na laptopu, ukasema wateja watapata meseji mafuta yao yakiwa tayari. Mama alifurahi mpaka akakuchinjia kuku. Ukala, ukajifuta mdomo, ukaandika programu yako kwa mbwembwe.

Siku ya kwanza meseji zilifika hata mashine haijawashwa. Bibi mmoja alitoka Ihanja na dumu tupu, akifuata mafuta ya harusi ya mjukuu wake. Akamuuliza Mama, "Mwanangu, mnanitania?" Ukawahi kujibu, mbele ya wateja wote, huku umeninyooshea kidole: "Huyu amechezea kompyuta." Mama akawa anaomba radhi yeye, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikupenda, nikaamini kosa ni langu.

Sasa nimejifunza JavaScript, lugha uliyoandikia programu yako, mwenyewe, kwa simu na bando la kuungaunga, nikaifungua kazi yako. Hapa mashineni, mteja akileta gunia la alizeti tunampa kadi yenye namba. Anazunguka sokoni, akirudi anachukua mafuta. Kile mnachokiita promise ndiyo hiyo kadi: kazi imepokelewa, jibu litakuja baadaye, zuri au baya. Ukiandika neno await, function yako, yaani kile kipande cha programu, inasubiri hapo mpaka jibu lije. Wewe hukuandika. Uliuliza kama mafuta yapo tayari, ukapewa kadi, na kwa JavaScript kushika kadi tu kunahesabiwa kuwa ndiyo. Basi kila mteja akaambiwa ndiyo. Neno moja, bwana mkubwa. Nililiweka, na async mwanzoni mwa function ili await ikubalike, na meseji zinafika kwa wakati wake.

Juzi ukanipigia, eti Mama akusifie kwa mwajiri wako mpya. Radhi hukuomba. Nakudharau, na sikufichi.

Mama alikuwa amekuwekea dumu la mafuta nyuma ya mlango, akisema ipo siku utakuja kumwomba radhi. Jana yule bibi wa Ihanja alipita, nikampa. Mama aliniona. Akamsaidia bibi kujitwika.

Baki hukohuko.

Aliyekuwa mchumba wako