Nilimwambia Mke Wangu Ni Rangi ya Maji Tu

Bi Bahiya mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie, tena unisaidie kabla ya Alkhamisi, maana Alkhamisi tunarudi hospitali na mtoto, na Jumapili yake mke wangu atapelekwa na mama yake kwa mtu wa kuagua, na nnavyoona mimi, kabla wiki haijesha mamangu mzazi ataitwa mchawi kwa jambo ambalo nnaamini nimelifanya mimi kwa mikono yangu.

Jina langu Hisham, nna miaka thalathini na sita, ni karani bandarini. Tunakaa Kikwajuni katika nyumba aliyoiacha marehemu babangu, mimi, mke wangu Wafaa, binti yetu Yusra wa miaka minne, na mpaka wiki sita nyuma tulikuwa na mamangu, Bi Rukaiya. Nna kitu kimoja kinachonipa raha duniani baada ya kazi, naunga modeli za plastiki, yaani ndege ndogo zinazokuja ndani ya boksi vipande vipande, unavikata, unavigandisha kwa gundi, unavipiga msasa, kisha unavipaka rangi mpaka kitu cha urefu wa mkono kinafanana na ndege iliyotua uwanjani. Nilianza miaka mitatu nyuma na Wafaa mwenyewe alifurahi, kwa sababu kabla ya hapo jioni zangu zote zilikuwa barazani kwenye keram na sigara, akawa anawaambia shoga zake, "Mume wangu mie siku hizi najua alipo."

Rangi sipaki kwa brashi, napuliza. Nna kibomba chembamba kama kalamu, kimeungwa kwa mpira na kompresa ndogo ya kusukuma hewa, ukibonyeza rangi inatoka kama ukungu. Siku nilipokileta ndani, Wafaa aliniuliza, "Hiyo rangi haina sumu? Mtoto yumo humu." Nkamwonyesha kichupa, nkamwambia, "Akriliki hii, rangi ya maji, inaoshwa kwa maji ya bomba." Siku ile nilikuwa nasema kweli.

Mwaka huu nikaanza ndege kubwa ya abiria, nyeupe mwili mzima, na nyeupe, Bi Bahiya, haina huruma, kila kosa linaonekana, na joto la kaskazi lilikuwa kali mno rangi ikawa inakauka hewani kabla ya kufika kwenye plastiki, inatua kavu, ukipitisha kidole unasikia kama msasa, na ncha ya sindano ya kibomba inaziba kila dakika. Niliongeza maji, ikachuruzika. Rafiki yangu Ridhwan, yuko Maskati, akanambia wenzake huchanganya thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi wanayotumia mafundi wa gari, rangi nyengine zinaganda kama mtindi lakini za aina yangu zinakubali. Nkaijaribu. Ubawa mmoja ulitoka laini kama kikombe cha chai, nkakaa nautazama peke yangu kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Chumba ninachopulizia kimepakana na cha Yusra, na ukuta wa baina haufiki darini, umeachwa wazi juu ili hewa ipite. Dirisha nilifunga, feni nilizima, kwa sababu vumbi likitua kwenye nyeupe mbichi halitoki. Thina niliitia katika chupa tupu nkaibandika karatasi nimeandika kwa mkono wangu, MAJI. Hakuna aliyenishuku, mtaani petu kuna fundi anayepaka vespa rangi, kila harufu ilihesabiwa yake. Na mamangu kila akiisikia harufu ile huwasha chetezo, anafukiza udi nyumba nzima kuifukuza.

Ijumaa moja baada ya alasiri Yusra alitoka chumbani mwake na mwanasesere mkononi, mdomo wazi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, akawa hawezi hata kulia. Tulimkimbiza hospitali, akawekewa mvuke. Daktari, mwanamke kijana, alipoona ametulia akatuuliza, "Nyumbani kuna moshi? Udi? Rangi? Chochote cha kupuliza?"

Wafaa akasema, "Udi upo, mama anafukiza kila siku. Na mume wangu ana modeli zake, lakini rangi yake ya maji tu."

Daktari akanigeukia. "Ya maji tu?"

Nkasema, "Naam, ya maji."

Tulivyorudi, Wafaa alikibeba chetezo akakitupa uani kikavunjika, akamwambia mamangu, "Mama, mwanangu nusura afe kwa moshi wako." Mamangu alinitazama mimi, na mimi nikatazama miguu yangu. Asubuhi yake alikunja kanga zake, akasema, "Nnakwenda Chwaka kwa dada yangu. Mtoto apumue."

Niliacha kupuliza wiki tatu. Lakini ndege ilikuwa imebaki ubawa mmoja, nikajiambia huenda kweli ulikuwa udi, nikafungua dirisha kidogo, nikapuliza. Siku ya pili yake Yusra akabanwa tena, na udi ndani ya nyumba haupo. Hapo ndipo mama mkwe wangu, Bi Tabia, alipomwambia Wafaa mbele yangu, "Udi umeondoka na mtoto bado anabanwa. Basi mwenye udi kaacha kitu." Jioni ile nilimkuta mke wangu kaupasua mto wa mamangu kwa kisu, anachambua sufi kiganja kwa kiganja, anatafuta hirizi, machozi yanamtoka. Nilisimama mlangoni.

Sasa Bi Bahiya, chupa iko hapa mezani nnapoandika. Nikisema, Wafaa atamchukua mtoto na sijui kama atarudi, na mamangu atajua kuwa nilimwacha afukuzwe nami nnajua. Nimewaza nimwendee daktari peke yangu nimwombe asimwambie mtu. Nimewaza nivitupe vyote kimya kimya, mtoto apone, mambo yapoe yenyewe. Nifanye lipi? Nakula sishibi, nasali sijui nimefika rakaa ya ngapi.

Hisham, Kikwajuni

*

Hisham,

Barua yako nimeipata Jumatatu na gazeti letu hutoka Ijumaa. Alkhamisi isingeningoja, kwa hivyo nilikupigia simu siku ile ile, na nilichokwambia nakiandika hapa kwa ruhusa yako, majina nimeyabadilisha.

Chupa iko mezani, na wewe umekaa mbele yake unaandika kurasa nne. Inuka. Itoe nje ya nyumba kwanza, tutazungumza baadae.

Nakuonea huruma, nisikufiche. Mtu aliyeacha baraza akakaa na familia yake si mtu mbaya, na joto la kaskazi nalijua. Lakini huruma yangu inaishia pale hospitali. Mimi si daktari, sijui kilichombana Yusra ni thina, ni udi, ni vyote viwili, au ni kifua alichozaliwa nacho. Wewe pia hujui. Usijihukumu kwa ugonjwa. Jihukumu kwa uongo, huo una uhakika nao. Daktari alikuuliza mara mbili akitafuta njia ya kumponya mwanao, ukamfungia njia, kisha ukarudi nyumbani ukaenda kupuliza tena. Hilo la pili ndilo lililonifanya niiweke barua chini nikanywe maji.

Unaniuliza kama uvitupe kimya kimya. Hapana! Ukifanya hivyo mtoto atapata nafuu, na watu watasema kapata nafuu kwa sababu bibi yake kaenda mbali. Utakuwa umempa mkeo ushahidi dhidi ya mama yako. Na kumwomba daktari akutunzie siri, huko ni kutafuta mshirika.

Leo, kabla ya magharibi, mwambie Wafaa. Uso kwa uso, mtoto akiwa kwa jirani, mama mkwe asiwepo. Usianze na joto, usianze na vumbi wala Ridhwan. Sema: "Nilichanganya thina, nikaificha, nikamdanganya daktari." Kisha nyamaza. Akipiga kelele, nyamaza. Akitaka kwenda kwao na mtoto, mbebee mkoba mpaka mlangoni, kwa sababu kwa siku hizi chache mtoto huyo ni bora alale kwengine kuliko katika nyumba yenye harufu ile.

Alkhamisi nenda na chupa hospitali, uiweke mbele ya daktari pamoja na kichupa cha rangi, umwambie ulipuliza siku zipi na mtoto alibanwa siku zipi. Safari ya Jumapili uivunje wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya Bi Tabia. Na ukitoka hapo, Chwaka. Usitume salamu, wala usipige simu. Mama yako aliondoka kwa miguu yake kwa ajili yako, mfuate kwa yako.

Ndege zako sikwambii uziache, ila ndani ya nyumba hiyo hupulizi tena kitu, hata cha maji. Ukungu wa rangi ya maji nao ni rangi, mapafu hayajui kusoma kibandiko. Tafuta banda mbali na watoto, vaa barakoa yenye vichujio, tumia kiyeyushio kilichotengenezwa kwa rangi hiyo hiyo, na joto likizidi, acha. Ndege nyeupe itangoja baridi.

*

Baada ya siku kumi na mbili Hisham ameniandikia tena. Nimeipunguza barua yake, lakini maneno ni yake.

"Bi Bahiya, nilimwambia. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliniuliza moja tu: 'Siku ile daktari alipokuuliza, ulikuwa unajua?' Nkasema, 'Nilikuwa najua.' Akamchukua Yusra akenda kwao, na mkoba nilimbebea kama ulivyosema, hakunizuia, wala hakunitazama.

Alkhamisi tulikutana hospitali. Niliiweka chupa mezani. Daktari alisoma ile karatasi, akafungua kifuniko, akanusa, akaifunga upesi. Hakunifokea. Aliandika muda mrefu, kisha akasema hawezi kutwambia kipi kilianza, lakini kifua kile hakitaki thina na hakitaki udi, na dawa aliyompa mwanzo angeibadilisha siku ile ile lau angejua. Wafaa akasema, 'Lau ungejua,' akainamisha kichwa. Yusra sasa ana pampu ya kuvuta dawa asubuhi na jioni, na toka siku hiyo hajabanwa.

Nilimwambia na Bi Tabia. Alinisema mpaka koo lake likakauka, kisha akasema Jumapili hakuna safari.

Chwaka nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Mamangu alikuwa ukumbini kwa mama mkubwa anachagua mchele, na pembeni yake mkekani mjukuu wa mama mkubwa, mtoto wa miezi mitano, analia. Mamangu anachagua tu, hamtazami. Mama mkubwa akaninong'oneza, 'Toka aje hajamshika mtoto hata mmoja. Anasema mikono yake ina madhara.'

Bi Bahiya, mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira zake. Hilo sikujitayarisha nalo.

Nilikaa chini nikamwambia yote. Alisikiliza na ungo mapajani. Aliniuliza, 'Yusra anapumua?'

'Anapumua, mama.'

'Na udi wangu?'

Sikutaka kudanganya tena. Nkamwambia daktari kasema hata udi haumfai, lakini sumu niliificha mimi, na yeye alikuwa anafukiza kuifukuza harufu yangu. Aliuweka ungo kando, akajifuta mikono kwa kanga, polepole, huku na huku, kisha akainama akamwinua yule mtoto mkekani akamlaza begani.

Nilimwomba turudi nyumbani. Akasema, 'Wewe nshakusamehe, ushanambia. Lakini aliyenitoa nyumba ile si wewe. Ntarudi nikiitwa na aliyenitoa.'

Wafaa nimemfikishia. Hajajibu. Juzi amerudi nyumbani na Yusra, anapika, anazungumza na mimi mambo ya mtoto tu. Nimwambie nini?"

*

Usimwambie kitu, Hisham. Wewe umeshasema yako, sasa jifunze kungoja, na kila siku ukiulizwa jambo, hata dogo, jibu kweli. Uaminifu wako umevunjika kwa neno moja, na hautarudi kwa neno moja.

Wafaa, najua magazeti haya yanafika Kikwajuni, kwa hivyo hapa nasema na wewe. Ulidanganywa, na hasira yako ni haki yako, ikae nawe muda unaotaka. Ila neno "mchawi" hukutiwa kinywani na mumeo. Ulilipokea mwenyewe, likamwangukia mtu aliyekulelea mtoto miaka minne. Gari za Chwaka zipo kila siku. Mvishe Yusra, chukua pampu yake, nenda wiki hii, bila ya mume na bila ya mama yako. Ukifika piga hodi, amkia, kaa chini mkekani, omba radhi, kisha mpe mtoto ambebe.