Nguzo ya Kati ya Nyumba ya Mama

Buhehe, 3 Februari 2024

Shemeji Omaido,

Salamu kutoka Busia. Dada yangu Nerima na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila goti langu.

Nguzo ya kati ya nyumba ya Mama, ule mti wa lusiola aliousimamisha marehemu Baba, imeanza kumwaga unga chini. Nimemsihi Mama ahamie kwangu kabla ya mvua; anasema nguzo hiyo imemvumilia kuliko mimi. Wewe ndiye fundi wa mbao, lakini mkwe haingii nyumba ya mama mkwe. Nami nikitengeneza kiti, hukaliwa na kuku tu. Nifundishe: mti unaolika ndani hujulikanaje?

Shemeji yako,
Mangeni

Molo, 8 Februari

Shemeji,

Tuko salama. Nerima anasema goti lako huuma siku za kulima.

Gonga nguzo kwa nyundo, kutoka juu ukishuka. Taratibu, usimwangushie Mama nyumba. Penye uzima italia kama meza. Penye ubovu, kama boga. Kisha sukuma msumari pale inapotokea ardhini. Mti ukikaa mkavu huzeeka na wajukuu. Ule unaolowa, ukakauka, ukalowa tena, ndio huoza, na mchwa huupenda.

Shemeji yako,
Omaido

Buhehe, 13 Februari

Shemeji,

Mmeamkaje huko? Mama amenikuta nimebandika sikio kwenye nguzo, akauliza kama imenijibu. Imejibu. Juu ni meza kabisa. Chini, msumari wa inchi nne umezama wote kwa kidole. Niliogopa hata kukohoa.

Nikamwambia Mama wa kuitibu ni mkwe, na mila imemzuia. Akamaliza kuchambua mboga, ndipo akasema: "Ezueni mabati. Nyumba isiyo na paa ni ua tu, na uani mtu yeyote anaingia." Atalala jikoni. Njoo na msumeno.

Mangeni, shemejiyo

Molo, 4 Machi

Shemeji,

Nimefika salama, mgongo tu. Ile nguzo bado naiwaza. Kilicholiwa ni ganda na futi moja ya chini; moyo wake umenivunja meno ya msumeno. Sasa imekaa juu ya zege, mchwa watafute ngazi. Mama alale ndani bila hofu. Pigilieni mabati upesi, mawingu ya huku ni mazito. Sitaingia tena, ila nimefurahi kupaona alipolelewa mke wangu.

Omaido, shemeji yako

Buhehe, 6 Machi

Shemeji,

Mgongo unasemaje? Mabati yamerudi yote, isipokuwa moja. Kila nikipanda ngazi Mama ananishusha. Anasema mtu hawezi kumsimamishia nyumba kisha akala ugali nje. Njoo Jumapili, ule ndani. Mvua ikikuwahi, shauri yako: kigoda chako kimewekwa chini ya lile pengo.

Shemeji yako,
Mangeni