Tungekuacha Chini, Papa Ladislas

Papa Ladislas,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu mfupi ulichokuwa unakitegemeza kwa kipande cha tofali. Usikasirike. Hakuna mwingine wa kukikalia. Tangu tukuzike, dispensari ya Kibabi imebaki mikononi mwangu, mimi uliyenichukua kuchemsha sindano na kufagia. Mpaka leo watu wakifika mlangoni wanachungulia nyuma yangu, wanakutafuta wewe.

Nina hasira, Papa. Nimengoja maharagi yapandwe na kuvunwa nikidhani itapoa, haikupoa. Nina hasira na ndugu yako Petero. Nina hasira na mke wako Mama Domitila, ingawa ninamchotea maji kila Jumamosi. Na wewe pia nina hasira nawe. Lakini iliyo kubwa kuliko zote ninayo na hii mikono yangu.

Unakumbuka uliporudi kutoka Goma? Mlikuwa mmekaa majuma mawili, wewe na wauguzi wenzako wa Masisi na Walikale, daktari mgeni akiwafundisha namna ya kumshika mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla. Tangu madaktari wa zamani waondoke mwaka wa uhuru, hakuna aliyekuwa ametuletea jambo jipya. Lori la viazi lilikwama Mubambiro siku nzima, ukafika umejaa matope hadi magotini, na kabla ya kunywa hata maji ukaniita. Ulijaza maharagi katika gunia, ukalifunga mdomo kwa kamba, ukalilaza sakafuni. "Huyu njo mugonjwa wetu. Jina lake Papa Maharagi."

Nilicheka, wewe hukucheka. Ukanipigisha magoti, kiganja juu ya kiganja, mikono imenyooka, nikandamize katikati ya kifua kwa uzito wa mgongo wangu wote. "Veredi, unamubembeleza! Huyu hatafuti usingizi, iko anakufa. Kandamiza!" Mwezi mzima, kila asubuhi kabla ya wagonjwa kuingia. Na kila asubuhi ulirudia neno lilelile: "Chini. Simenti ao udongo, lakini chini. Juu ya kitanda unakandamiza godoro, hapana kifua."

Hilo nililijua, Papa. Sikulisahau hata dakika moja, na hapo ndipo panaponichoma.

Kwa maana ulinifundisha na jambo la pili, bila kujua kwamba unafundisha. Unamkumbuka yule mama wa Karuba aliyeanguka akiwa kwenye mstari, kikapu bado kiko mkononi? Tulimlaza sakafuni, ukaanza kazi, mume wake akakuvuta bega. "Munamulaza chini? Chini ni pa muntu mwenye amekwisha kufa!" Ukamtazama, ukawatazama na watu waliojaa mlangoni. Sisi wa milima hii tunajua: aliye hai ana kitanda chake, na akiisha kukata roho ndipo anashushwa kwenye mkeka. Kumshusha mapema ni kukiita kifo kwa jina. Ukasema polepole, "Tumupandishe." Ukaendelea kukandamiza juu ya kitanda, kwa adabu, mpaka yule mama akawa baridi. Baadaye ulipokuwa ukinawa mikono uliniambia, "Tukigombana nao leo, kesho hawataleta watoto." Nami nikaona umesema kweli.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Ulisema kifua kinakubana tangu misa ya jana. Nikakuambia uende nyumbani, hapo nyuma tu, ukapumzike. Sikumaliza hata kufunga kidonda kimoja, nikasikia Mama Domitila anapiga kelele.

Nilipofika ulikuwa chini tayari. Chini, Papa! Chali mlangoni mwa jikoni, juu ya udongo mgumu uliokanyagwa miaka na miaka. Ulikuwa umeanguka mahali penyewe. Nikapiga magoti, nikaanza. Nilisikia kifua kinashuka na kurudi, kama ulivyoniambia kitafanya.

Ndipo Petero akaja mbio kutoka shambani na wanaume wawili. "Muganga mukubwa analala mu vumbi kama mbuzi? Mumuinue!" Na Mama Domitila akilia, "Veredi, usimuzike bwana yangu angali muzima." Nami nikawatazama watu, kama ulivyowatazama wewe siku ile. Nikaondoa mikono. Nikasaidia kukubeba, mimi mwenyewe nilishika kichwa.

Walikutandikia shuka safi. Nikakandamiza juu ya lile godoro la majani, na kila nilipokandamiza godoro lilishuka, nawe ukashuka nalo, kifua kikabaki kama kilivyo. Nilijua. Nikahesabu kwa sauti kubwa, moja, mbili, tatu, ili watu waone ninafanya kazi. Hiyo ndiyo aibu yangu. Hata padri sijamwambia.

Yule daktari wa Goma aliwaambia kwamba wengi hawarudi hata ukifanya sawasawa. Uliliandika katika daftari lako, nimelisoma mara nyingi. Pengine ungekufa tu. Lakini "pengine" ni chakula kibaya, unakula usishibe.

Sasa sikia Mungu anavyofanya mzaha. Wakubwa wa afya wameandika kwamba, kwa kuwa umekufa, na mimi ndiye uliyenizoeza kila asubuhi, niwafundishe upya wauguzi wa Masisi na Walikale yale ya Goma. Mimi! Wamekuja juma lililopita, wanane, wote wana vyeti, mimi sina. Nikawatolea Papa Maharagi. Panya walikuwa wamemtoboa ubavuni, nimemshona. Walikandamiza vizuri, ungewasifu. Kisha mmoja wa Walikale, mwanaume mnene, mpole, akauliza, "Na familia ikikatala, mama?"

Niliona kwenye nyuso zao kwamba hilo limekwisha kuwapata wote. Jibu lako la siku ile, la kutogombana nao, lilifika mpaka kwenye meno yangu, nikalimeza. Nikawasimulia yote: mlango wa jikoni, shuka safi, hesabu yangu ya uongo. Nikawaambia walale kwenye simenti na mashati yao meupe, mmoja mmoja, na kila mmoja aseme mbele ya wenzake maneno atakayokwenda kuyasema mbele ya mke wake na ndugu zake: "Nikianguka, muniache chini." Saba walilala. Wa nane alichukua kofia yake akaenda.

Petero amesikia, anasema ninakiita kifo. Hanisalimu tena. Mama wawili wa hapa Kibabi wameacha kuleta watoto wao, kama ulivyosema. Hata hapo ulisema kweli, nalo linaniudhi.

Jana nilikwenda kwa Mama Domitila. Halali tena kitandani. Ametandika mkeka pale mlangoni mwa jikoni. Akaniuliza bila kunitazama, "Veredi, kama tungemuacha pale chini?" Nikamjibu, "Ingekuwa tu ileile, Mama." Akashukuru. Akanipa viazi vya kwenda navyo.

Nilimdanganya, Papa. Nakuambia wewe peke yako, kwa kuwa huwezi kumwambia mtu: pale chini, kabla hawajafika, ulivuta pumzi. Moja tu, nzito, kama mtu aliyebeba mzigo. Niliisikia kwenye viganja vyangu. Kisha wakaja, nami nikaondoa mikono.

Basi lala, Papa. Sasa uko chini kweli, na hakuna atakayekuja kukuinua. Mwingine akianguka mbele yangu, awe mtoto wa Petero, awe Petero mwenyewe, waje na mapanga yao, waje na machozi yao. Mikono hii haitatoka tena.

Ni mimi, mwanafunzi wako,
Veredi