Bosi Ukutani, Mdomo Wazi

Shoga, uko wapi?? Nimejifungia chooni, nacheka hadi mbavu zinauma.

Kompyuta ya bosi imegoma kuwaka mbele ya wageni. Mimi na kimbelembele changu nikachomeka ile flashi yangu yenye Linux, mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, nikaiwasha kwa hiyo. Ikawaka! Wageni wakapiga makofi!

Nikasahau kwamba flashi inakuja na mambo yangu yote. YOTE.

Projekta ikamwaga ukutani picha niliyoiweka kwenye skrini yangu: ile uliyompiga bosi kasinzia kikaoni, mdomo wazi. Ukuta mzima, shoga! Ukuta mzima!

Bosi akaitazama weee. "Nani kaipiga hii?"

Nisamehe. Nimekutaja.

Akasema, "Flashi usiitoe, tuendelee. Na mwambie mwenzako kesho anipige nyingine, nikiwa macho."