Msalaba wa baba Furaha sijauona

Jumanne, Novemba 2013. Mvua tangu asubuhi, mtaa wetu wote wa Point unanuka matope. Magoti yananiuma na sitaki mtu aniulize kitu.

Nilirudi kutoka Korea mwezi jana. Mnajua wote, maana nimewachosha na habari zake kanisani. Nilienda kuogesha mtoto mchanga wa binti yangu Furaha. Lakini iko siku moja sikuisimulia.

Jirani ya Furaha, Mama Sunja, mjane kama mimi, alinipeleka mji wa zamani unaitwa Gyeongju, kwenda na kurudi. Hatuna lugha moja. Tulielewana kwa mikono na kusukumana. Katikati ya mji iko vilima vya majani, laini kama vichwa vilivyonyolewa. Nikaanza kupanda kimoja nikale chakula changu juu. Mama Sunja akanivuta kikwembe nilichojifunga kiunoni, nusura anivue mbele ya watu.

Kumbe ni makaburi ya wafalme. Wamekufa zaidi ya miaka elfu, na majani yao yanakatwa mpaka leo.

Kisha akanipeleka nje ya mji, kwenye kaburi la mume wake. Akatoa mundu mkobani, akapiga magoti, akakata. Mimi nikakusanya. Alipomaliza akampigia Furaha simu atutafsirie: wa kwako anatunzwa na nani?

Nikajibu, "Mwambie ninapalilia mwenyewe, kila mwezi."

Uongo. Tangu tumzike, miaka sita, sijakanyaga pale. Nilimkasirikia. Alinileta nchi ya watu, akaniacha humo.

Furaha akamtafsiria, kisha akaniambia, "Asante, mama. Desemba namleta mtoto, umwonyeshe babu yake."

Leo nimepanda teksi na panga kwenye mfuko wa plastiki. Mlinzi wa makaburi akaniuliza, "Gogo, unatafuta nani?" Ndivyo wanavyoita bibi huku. Mume wangu. Akataka namba ya kaburi. Namba gani? Mtu ana jina. Karatasi ya namba ilipotea nilipohama mtaa wa Greyville. Na jiwe sikuweka, tuliweka msalaba wa mbao nikasema jiwe litakuja.

Msalaba hakuna. Iko majani mpaka kiunoni, na karibu na uzio, pale ninapokumbuka tulimzika, vituta vitatu vinavyofanana.

Nikakata vyote vitatu. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti, kama mwendawazimu.

Na ninyi mnaosoma, msinicheke. Mnajua baba zenu wamelala wapi?

Fundi wa mbao hapa chini anasema msalaba mpya utakuwa tayari Ijumaa. Nimemwambia asianze. Ningeusimika kwenye kituta chochote, nani angejua? Furaha angelia, angepiga picha, tungerudi nyumbani kula.

Mama Sunja alikata majani ya mtu mmoja. Mimi nimekata ya watu watatu, na sijui kama wangu yumo.

Jumapili Furaha atapiga simu ya video. Nitamwambia ukweli kabla hajanionyesha mtoto. Nikimwona yule mtoto anacheka, nitadanganya tena.