Oili ya Subaru iko chini ya meza

Kaka Gakwaya,

Nilipofuta kifuniko cha oili cha Subaru yako, niliona kimeandikwa 5W-30. Muuzaji wa oili pale Gikondo akanipa 20W-50: “Chukua nzito, dada. Gari la mashindano halinywi maji.” Kwa aibu nikaipokea. Nilipofika mlangoni nikarudi, nikamwambia, “Kifuniko kinakataa.” Akacheka sana, lakini akabadilisha. Jumamosi utashindana ukiwa na injini nzima.

Dumu liko chini ya meza. Lile la njano ni la mafuta ya kupikia, usikosee tena! Viazi viko kwenye sufuria. ~~Oili ikiisha, tupa dumu.~~ Oili ikiisha, niwekee dumu.

Niliacha shule darasa la tatu, nikajifunza kusoma kwa maandishi ya madumu yako matupu. Sijawahi kukuambia: nilijua unayaacha jikoni makusudi. Asante.

Mdogo wako,
Trinah